Mashauri kwa Mnunuzi: Baiskeli ya Baada ya Mavuno

Mkulima wa Makwasinyi, chini ya mlima wa Kasigau, hashiki fedha nyingi mara nyingi kwa mwaka. Mvua za vuli zikinyesha vema tangu Oktoba mpaka Desemba, pojo, ambazo wengine huziita ndengu, huwa tayari kuvunwa mwaka mpya uanzapo. Naye akiisha kuziuza huwa na fedha mkononi kwa majuma machache tu, kabla ya karo za shule, madeni ya dukani na mambo ya jamaa kuzimaliza. Ni katika majuma hayo ndipo wengi huenda Voi kutazama baiskeli. Wenye maduka wanalijua jambo hilo tangu zamani. Basi mtu asistaajabu akikuta baiskeli zimepangwa barazani, zimefutwa vumbi, na kibao kimetundikwa kusema kwamba bei imeshushwa kwa ajili ya msimu.

Msomaji na amfikirie mkulima mmoja wa namna hiyo, mtu wa makamo, ambaye binti yake anasoma shule ya sekondari ya kutwa na huenda kwa miguu asubuhi na jioni. Nyumbani kwake maji huchukuliwa kwa madumu ya lita 20. Siku za soko yeye mwenyewe hupeleka kuku na mayai Maungu, penye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Amejiwekea fedha za kununua baiskeli moja, wala si mbili, na hiyo moja yatakiwa kufanya kazi zote tatu. Pikipiki za abiria zipo, tena nyingi, lakini pikipiki hula petroli kila siku, na binti wa shule hawezi kulipa nauli mara mbili kwa siku muhula mzima.

Afikapo dukani mkulima huyu hukaribishwa kwa heshima. “Karibu, Mzee. Hii hapa ndiyo ya kisasa, ina gia 21, na leo tumeipunguza bei.” Baiskeli yenyewe inang’aa kwa rangi nyekundu na fedha, ina springi mbele, matairi mapana yenye meno makubwa, na nyaya nyingi zilizopinda kutoka usukani. Kando yake imesimama baiskeli nyeusi, nzito, yenye magurudumu makubwa ya inchi 28, ile ambayo watu wa Kenya wameipa jina la Black Mamba. Hiyo nyeusi haikupunguzwa hata senti, na kwa hiyo siku hiyo bei yake yaipita ile nyekundu. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, nao huona kwamba atakayechukua ile nyeusi ni mtu asiyejua hesabu.

Hesabu hiyo sharti ifanywe vizuri, na yafaa ianzie kwenye hizo gia, kwa kuwa neno hilo limewadanganya wengi. Katika baiskeli nyingi za namna ya ile nyeusi gurudumu la meno la mbele lina meno 44, na friwili ya nyuma ina meno 18. Maana yake ni kwamba mpandaji akizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka karibu mara mbili na nusu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husafiri kadiri ya mita 2.2, basi kila mzunguko wa pedali humpeleka mtu mita 5 na zaidi. Kwenye njia tambarare huo ni mwendo mzuri. Kwenye mlima, akiwa na madumu mawili nyuma, atashuka na kusukuma. Sasa ile nyekundu ikiwekwa katika gia yake ya chini, kwa mfano meno 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali humpeleka mpandaji kadiri ya mita 2 tu. Mguu utaona wepesi mkubwa, lakini itampasa azungushe pedali zaidi ya mara mbili ili kufika pale pale. Hapana muujiza wowote. Gia haimwongezei mtu nguvu, humsaidia kuzigawanya.

Basi swali la kujiuliza si gia ngapi, bali ni milima mingapi. Kasigau ni mlima mrefu wenye kupita mita 1,600, lakini umesimama peke yake katikati ya nyika, na sehemu kubwa ya njia zake zapita chini, kwenye nchi tambarare ya udongo mwekundu. Anayepanda kila siku kutoka bondeni mpaka vijiji vya milima ya Taita, kama Wundanyi, ana haja ya gia kweli kweli. Mtu wa Makwasinyi anahitaji gia mbili, au tatu akipenda; nyingine zote atazibeba tu.

Tena gia mbili tatu si jambo geni. Katika mji wa Nottingham, Uingereza, tangu mwanzo wa karne ya 20 kampuni ya Sturmey-Archer ilitengeneza gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambamo mchanga hauingii kwa urahisi. Na katika siku hizi liko shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami iliyopiga Sri Lanka na nchi nyingine, ambalo baadaye lilileta Afrika baiskeli nzito iitwayo Buffalo, nayo huuzwa Kenya pia. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa Buffalo ya namna mpya yenye minyororo miwili na gia mbili. Mpandaji hubadili gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo, bila waya wowote. Waliofikiri hivyo walifikiri juu ya njia za namna ya Makwasinyi.

Gia za ile baiskeli nyekundu ni za namna nyingine. Chini ya ekseli ya nyuma huning’inia mkono mdogo wa chuma ambao huusukuma mnyororo kutoka meno haya kwenda meno yale. Katika baiskeli ya bei kubwa mkono huo ni kazi ya ustadi. Katika baiskeli ya bei ya chini huwa ni bati laini, nao ukikwaruzwa na kichaka, au baiskeli ikianguka upande wake wa kulia, hupinda. Ukipinda, mnyororo huruka, na siku moja mkono huo huingia ndani ya spoki na kuzikata. Mnyororo wenyewe ni mwembamba kuliko ule wa baiskeli nyeusi, wala fundi aketiye chini ya mti kijijini hana wa kubadili. Mwenye baiskeli atapanda gari kwenda Voi kutafuta kifaa, na asipokipata atangoja kiletwe kutoka Mombasa. Siku zote hizo binti hutembea kwa miguu.

Baiskeli nyeusi haina uzuri wa kutazamwa, nayo ni nzito mno kuibeba kupita mtoni. Lakini umbo lake ni lile lile la baiskeli ambazo makarani, walimu na wakulima wa nchi hii walizipanda zamani za Waingereza, zilipokuja Raleigh, BSA na Phillips. Kampuni ya Raleigh, iliyoanza mwaka 1888, iliacha kuunda baiskeli Nottingham mwaka 2002, na zamani kabla ya hapo viwanda vya India, kama Hero ya Ludhiana iliyoanza kuunda baiskeli mwaka 1956, na vya China, vilikwisha kushika namna hiyo hiyo bila kuibadili sana. Ndiyo faida yake kubwa kupita zote. Pedali, gololi, ekseli na spoki za baiskeli moja mara nyingi huingia katika nyingine, hata kama wenye baiskeli hizo wamepitana umri kwa miaka 30. Duka dogo lenye kuuza chumvi na viberiti laweza kuwa na tyubu ya inchi 28. Mkono wa gia haliwezi kuwa nao.

Hata hivyo mnunuzi asidhani kwamba kila kitu cheusi ni imara. Ziko baiskeli nyeusi zilizoundwa kwa chuma hafifu, zikapakwa rangi nzuri juu. Breki zake za vyuma pia zina upungufu: mvua ikinyesha rimu ya chuma huteleza, na baiskeli haisimami upesi. Mwenye kuteremka mlima siku ya mvua, na mzigo nyuma, sharti aanze kushika breki mapema, tena zote mbili.

Katika nchi ya Kasigau adui wa kila siku ni mwiba. Mgunga huangusha miiba mirefu iliyo migumu kama misumari, na kando ya njia huota mbigili, mmea mdogo utambaao ambao mbegu zake huanguka namna zote na mwiba mmoja ukitazama juu. Tangu Dunlop alipobuni tairi la upepo huko Belfast mwaka 1887, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, hakujapatikana tairi la upepo lisilotobolewa kabisa. Walakini mengi ya matobo hutokana na uvivu wa mwenye baiskeli. Mtu hutoboka, huziba tyubu, huirudisha, na baada ya hatua mia hutoboka tena pale pale, kwa kuwa mwiba bado umekaa ndani ya tairi. Kabla ya kurudisha tyubu yafaa kupitisha kitambaa polepole ndani ya tairi lote. Mwiba ukiwamo utakishika kitambaa, nao utatolewa bila kuchoma kidole. Kiraka nacho kina adabu yake. Tyubu isuguliwe kwa msasa, ipakwe solusheni, kisha mtu angoje mpaka solusheni ikauke hata isishike kidole, ndipo akibandike kiraka na kukigandamiza. Wengi hubandika ingali mbichi, kisha husema solusheni ni mbovu.

Wengine hukata tairi kuukuu, wakaondoa kingo zake zenye waya, wakalilaza ndani ya tairi jipya. Njia hiyo huzuia miiba mingi, lakini kingo za kipande hicho sharti zinolewe ziwe nyembamba, la sivyo zitaikata tyubu zenyewe. Na upepo usipungue. Tairi laini likipakiwa mzigo wa kilo 40 na mpandaji juu yake, likagonga jiwe, rimu huibana tyubu na kuitoboa mahali pawili pamoja. Iko pia valvu ya kizamani yenye kimpira chembamba. Kikikauka, upepo hutoka polepole usiku, na mtu hudhani amechomwa na mwiba. Hutoa tyubu, huitafuta tundu katika karai la maji mpaka jua likapanda, na kumbe kilichotakiwa ni kimpira kipya cha shilingi chache.

Sasa lile kibao la bei iliyoshushwa. Si haki kusema kwamba kila mwuzaji ashushaye bei ni mwongo. Mwenye duka ana sababu zake njema: ataka fedha ili alete mali mpya, au anajua kwamba masika yakianza mwezi wa Machi wakulima wataingia mashambani na mifuko yao mitupu. Kwa hakika mtu awezaye kungoja mpaka Aprili au Mei huenda akasikilizwa vizuri zaidi dukani kuliko yule ajaye pamoja na wenzake wote baada ya mavuno. Lakini iko bei ya kushushwa kwa sababu kitu kimekaa sana. Mpira huharibika hata usipotumiwa. Tairi lililoanikwa barazani miezi mingi kwenye jua la Voi huanza kupasuka mistari midogo ubavuni. Mnunuzi na alibonyeze tairi kwa kidole gumba, alitazame kwa karibu. Akiiona mistari hiyo, na ajue kwamba punguzo alilopewa atalirudisha kwa kununua matairi mawili kabla ya mwaka kwisha.

Tena na aulize, bei hiyo ni ya baiskeli pamoja na nini? Ile nyekundu mara nyingi huuzwa haina keria, wala stendi, wala madigadi, wala kengele, wala pampu. Keria ya kubeba madumu mawili, yaani kilo 40 za maji peke yake, si ile ya bati jembamba ifungwayo kwa parafujo moja. Mkulima wetu akiisha kujumlisha keria imara, stendi ya miguu miwili, kufuli, pampu, spana na kikopo cha solusheni, atakuta kwamba ile baiskeli ya bei ndogo imeipita nyeusi, na maji bado hayajachukuliwa.

Wengine huvutwa na kulipa polepole. Ikiwa baiskeli huuzwa shilingi 15,000 taslimu, na mtu akaambiwa alipe shilingi 1,500 kila mwezi kwa miezi 12, atakuwa amelipa 18,000. Huenda hizo 3,000 si kitu kwa karani mwenye mshahara wa kila mwezi. Kwa mkulima apataye fedha mara mbili kwa mwaka ni jambo jingine, kwa kuwa mwezi wa tano hana cha kuuza, na baiskeli yaweza kurudishwa dukani hali nusu ya fedha imekwisha lipwa.

Akiisha kuchagua, asitoke dukani upesi kwa furaha. Baiskeli nyingi huja katika masanduku zikiwa vipande vipande, na hufungwa hapo hapo dukani, tena siku za msimu hufungwa kwa haraka. Na aiinue, azungushe gurudumu la mbele, atazame kama rimu yayumba kati ya breki. Azibane spoki mbili mbili kwa vidole. Iliyo legevu kuliko wenzake itakatika kwanza. Ashike mkono wa pedali autikise kushoto na kulia, maana pini ya kushikilia mkono huo isipopigwa sawasawa italegea siku za kwanza, na ikiachwa hivyo italiharibu tundu lake kwa daima. Haya yote hayachukui muda wa kunywa kikombe cha chai, na mwuzaji mwema hataudhika. Aombe pia risiti yenye namba ya fremu.

Na kwa kuwa baiskeli ni ya binti kwanza, ni haki binti awepo. Baba wengi hununua kwa kipimo cha miguu yao wenyewe. Mkulima wetu alikuja naye, na hapo jambo likaamuliwa kwa njia asiyoitazamia. Binti aliitazama ile nyekundu kwa muda, akaizunguka, akaigusa kengele ambayo haikuwapo. Kisha akauliza, “Baba, hii ikiharibika nitaitengenezea wapi?” Mwuzaji akasema ataitengeneza yeye. “Hapa Voi?” akauliza binti. Mwuzaji akacheka, akaenda nyuma ya duka akaleta nyeusi ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha mnyororo ili sketi ya shule isinaswe. Wakashusha kiti mpaka binti akiweka kisigino juu ya pedali ya chini mguu wake unanyooka, na akiweka wayo goti linapinda kidogo. Fedha za baba hazikutosha kununua keria kubwa siku ile. Alinunua pampu, kengele na solusheni, keria akaiacha mpaka mavuno mengine, na jirani mmoja akaendelea kusaidia kuchukua maji kwa punda.

Kengele hakuinunua kwa mapambo. Makwasinyi iko kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na tembo hupita katika mashamba ya mifugo yaliyo katikati, hasa wakati wa ukame watafutapo maji. Pikipiki husikika tangu mbali. Baiskeli haisikiki kabisa, na mtu aweza kumkuta tembo kwenye kona ya njia hali wote wawili hawakutazamiana. Kwa hiyo binti aliambiwa asitoke alfajiri kabla ya kuona njia, arudi na wenzake, na mahali penye vichaka apige kengele, na akiona mavi mabichi au matawi yaliyovunjwa sasa hivi ageuke arudi, hata kama mwalimu atamwadhibu kwa kuchelewa. Juu ya hilo la mwisho baba alikwenda mwenyewe kuzungumza na mwalimu.

Siku ya nane spoki zilikuwa zimelegea kidogo, kama zilegeavyo katika kila baiskeli mpya, na fundi wa kijijini akazikaza zote pamoja na ile pini ya pedali. Siku ya kumi na moja gurudumu la nyuma lilitoka upepo njiani. Binti aligeuza baiskeli miguu juu, akatoa tyubu, akapitisha leso yake ndani ya tairi mpaka ikakwama, akauchomoa mwiba wa mgunga, akauweka katika kasha la kalamu ili baba yake auone jioni.